Jibu la Mwalimu: Mafuta gani yafaa kwa kulisi za tarumbeta?



Juma hili napenda kujibu swali la mwanafunzi mmoja apigaye baritoni katika fanfari ya shule yake. Aandika kwa ufupi hivi: kulisi za vyombo vyao zimekuwa ngumu. Mwenzake mmoja asema zipakwe mawese. Wa pili asema grisi ya motokari ndiyo yenye nguvu. Na mkubwa wao asema kwamba shaba haitaki kitu, iachwe kama ilivyo. Sasa auliza, nani katika hao watatu asema kweli?

Hakuna hata mmoja, mwanangu. Lakini usiwacheke wenzako. Mimi niliyewatangulia kwa umri na kwa masomo nililifanya kosa la yule wa kwanza, na hasara yake ikamwangukia mtu asiye na hatia. Nitasimulia habari hiyo kwanza, maana ndiyo iliyonifundisha. Kisha tutayaangalia mafuta yenyewe, moja moja.

Nilipotoka seminarini na kushika kazi ya ualimu, nilikabidhiwa fanfari ya parokia. Vyombo vilikuwa kumi na viwili, vingi vya zamani, vilivyokwisha kupita katika mikono ya baba na ya watoto wao. Kusoma noti nilijua. Kuongoza waimbaji nilijua. Juu ya kutunza shaba sikujua neno, wala sikuuliza. Nikaona kulisi zakwaruza. Basi nikaenda jikoni, nikachota mawese katika kikombe, nikazipaka zote. Siku ile ziliteleza kama samaki mkononi, nami nikajisifu moyoni kwamba nimeokoa fedha za parokia.

Miezi ikapita. Mvua zikakoma, baridi ya kiangazi ikaingia. Mwezi wa Juni ikafika siku kuu ya Sakramentu Takatifu, nasi tulipaswa kutangulia maandamano. Asubuhi na mapema tulikusanyika nyuma ya kanisa ili tupatanishe sauti. Vyombo vyote vikapatana, ila baritoni ya mvulana mmoja wa darasa la sita: ilikuwa ikilia chini ya wenzake. Nikamwambia, "Sukuma kulisi ndani." Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, haisogei." Nikamwambia tena, naye akajibu vilevile. Nikadhani ni uvivu, nikamkaripia mbele ya wenzake wote. Kisha nikamwamuru ashike chombo kwa nguvu, nami nikaishika kulisi na kuivuta na kuipinda kwa mikono miwili. Pakasikika mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Kiungo kilichoishika mirija miwili kilikuwa kimebanduka, na mrija mmoja umepinda.

Katika maandamano yale mvulana alitembea mikono mitupu, nyuma ya fanfari, akichukua madaftari ya nyimbo. Yaliyofuata nitayasema mwishoni.

Kulisi ni nini, na kazi yake nini?

Wasomaji wasiopiga chombo wataka kujua kwanza maana ya neno hili. Tarumbeta, baritoni, tuba na ndugu zao wote ni mrija mrefu wa shaba uliokunjwa kunjwa. Mahali fulani mrija umekatwa, na kipande kilichopindwa mfano wa herufi U kimeingizwa ndani ya mirija miwili mipana kidogo kuliko chenyewe, kiweze kuvutwa nje na kusukumwa ndani. Kipande hicho wapigaji waliofundishwa kwa Kifaransa hukiita kulisi. Iko kulisi kubwa ya kupatanisha chombo chote, na tena kila pistoni ina kulisi yake ndogo.

Mrija ukirefuka, sauti hushuka, ukifupika, hupanda. Tarumbeta ya si bemoli ina mrija wa sentimeta 148 hivi. Ukiivuta kulisi kubwa kwa sentimeta 1, umeurefusha mrija kwa sentimeta 2, kwa sababu U ina miguu miwili. Sauti hushuka kadiri ya robo ya nusu-sauti. Ni kidogo, lakini sikio hulisikia pale tarumbeta mbili zinapopiga noti moja pamoja: hutetemeka kana kwamba zagombana.

Na kwa nini tupatanishe kila mara? Kwa sababu ya joto na baridi. Katika hewa ya digrii 20 sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Hewa ikipata digrii 30, husafiri mita 349 hivi. Chombo kilekile, pasipo kuguswa, hupanda saa ya jua kali na kushuka asubuhi ya baridi. Ni kweli kwamba pumzi ya mpigaji huipasha moto hewa ya ndani na kuipunguza tofauti hiyo. Lakini haiiondoi yote. Mwaka wa 1955 mataifa yalipatana, kwa njia ya shirika lao la vipimo, kwamba noti ya la iwe ya mitetemo 440 kwa sekunde. Mapatano hayo ni mazuri, lakini asubuhi ya Juni katika Katanga haiyajui. Mwenye kuyatimiza ni mpigaji, kwa kusogeza kulisi yake. Kulisi iliyoganda ni chombo kisichoweza tena kuwasikiliza wenzake. Ndiyo sababu mvulana wangu alilia chini: kulisi yake ilikuwa imevutwa tangu siku za joto, na hapo ndipo ilipokwama.

Mafuta yafanya kazi gani?

Kati ya mrija wa ndani na wa nje pana nafasi ndogo sana, nyembamba kuliko unywele. Mafuta hukaa hapo, nayo yana kazi nne. Kwanza, huzuia shaba isikwaruze shaba. Pili, huziba nafasi hiyo ili pumzi isivuje. Chombo kinachovuja huchosha mapafu na kutoa sauti dhaifu. Tatu, huikinga shaba na maji ya pumzi na mate. Nne, na hii watu huisahau, huishika kulisi mahali ulipoiweka isiteremke yenyewe katikati ya wimbo.

Basi utaona kwamba mafuta ya kulisi kubwa yatakiwa kuwa na tabia mbili zinazopingana: yakubali kusogea mkono unapotaka, yakatae kusogea usipotaka. Ndiyo maana mafuta mepesi ya pistoni hayafai hapo. Pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa dakika moja, yataka mafuta mepesi karibu kama maji. Kulisi kubwa husogezwa mara chache, yataka mafuta mazito. Anayetumia chupa moja kwa vyote hana mafuta ya kimoja wala ya kingine.

Tukumbuke pia tabia ya shaba yenyewe. Shaba ya manjano ya tarumbeta si shaba tupu. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi sehemu 70 kwa 30 hivi. Watu wa Katanga hawahitaji kuambiwa mengi juu ya madini hayo: Kipushi, karibu na Lubumbashi, imetoa shaba na zinki toka udongo uleule. Shaba huchukiana na uchungu wa asidi na chumvi. Vikikaa juu yake pamoja na maji, huzaa kutu ya kijani. Na zinki ikiliwa ndani ya mchanganyiko, huacha madoa mekundu, na mrija hudhoofika hata kutoboka. Kwa hiyo mafuta ya kulisi yasiwe na asidi, wala yasigeuke kuwa na asidi baadaye.

Mafuta yasiyofaa

Tuanze na mawese, kosa langu mwenyewe. Mawese ni chakula bora, wala siyatukani. Lakini yana asidi za mafuta tangu siku ya kukamuliwa, na yakikaa huchacha na kuongeza asidi. Hiyo hushika shaba na kufanya uji wa kijani unaonata. Tena mawese huanza kuganda katika baridi; huwa maji kabisa karibu na digrii 35 tu. Saa ya jua yatavuja, asubuhi ya baridi yatashika kama nta. Vumbi nalo hulipenda, na mende na panya pia. Mafuta mengine ya jikoni, ya alizeti au ya soya, hayana afadhali; haya hukauka na kuwa gundi iliyo ngumu kuliko ya mawese.

Grisi ya motokari haichachi, kweli. Lakini imetengenezwa kwa magurudumu na mashine kubwa. Nyingine ina unga mweusi wa madini ndani yake. Huchafua mikono na nguo za ibada, na ikifika katika pistoni huzifanya nzito. Tena chombo hiki mtoto hukitia mdomoni. Oili iliyokwisha kutumika katika mota ni mbaya kuliko zote: ina asidi, masizi na unga wa chuma, nayo ni sumu. Mzazi atakayemwona mwanawe ameichukua kwa ajili ya tarumbeta, amnyang'anye.

Sabuni huteleza siku ya kwanza, kisha huvuta unyevu, hukauka na kuacha ukoko. Nta ya mshumaa huganda penye baridi na kumenyeka vipande vipande vinavyoingia katika pistoni. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kulisi. Husafisha, lakini hayashiki kitu, na mvuke wake haufai kuvutwa na mapafu ya mtoto.

Na yule asemaye kwamba shaba haitaki kitu? Aketi mwaka mmoja na kulisi kavu, kisha ajaribu kuivuta. Mate na hewa vitakuwa vimemjibu.

Mafuta yafaayo

La kwanza ni mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa kulisi, yauzwayo katika maduka ya vyombo vya muziki. Huwa katika kikopo kidogo, au mfano wa kijiti cha kupaka. Yaliyo mengi siku hizi hutengenezwa viwandani kwa namna ya kustahimili baridi na joto bila kubadilika sana, wala hayachachi. Bei yake huonekana kubwa ukitazama udogo wa kopo. Lakini kila kulisi yataka kipande cha kadiri ya punje ya mchele tu. Kikopo kimoja huitosha fanfari ndogo muda mrefu.

La pili ni lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Kondoo huyatoa katika ngozi yake ili mvua isimloweshe. Wajerumani Otto Braun na Oscar Liebreich walionyesha njia ya kuyasafisha kwa matumizi ya dawa mwaka wa 1882, na hata leo hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, maana mama wanyonyeshao huyatumia. Ulizia iliyo safi, isiyochanganywa na manukato wala dawa. Lanolini ni nzito, hunata vizuri juu ya shaba, nayo haiondolewi upesi na maji. Kwa kulisi kubwa ni bora sana. Ina makosa mawili madogo: hunuka kidogo kama kondoo, na watu wachache ngozi yao huwasha wakiigusa. Ukiiona nzito mno, ichanganye na matone machache ya mafuta ya pistoni juu ya kisahani safi, mpaka iwe kadiri uitakayo.

La tatu ni vazelini tupu, ile isiyo na manukato wala rangi. Mmarekani Robert Chesebrough aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka wa 1872, naye aliitoa katika mafuta ya petroli ya ardhini. Haina asidi, haichachi, nayo hupatikana karibu kila soko. Sharti useme ukweli wake wote: ni laini kuliko lanolini, hulegea katika joto, na huondoka mapema. Aitumiaye apake mara nyingi zaidi, labda kila juma la pili au la tatu. Kwa fanfari maskini ni msaada wa kweli. Kati ya vazelini leo na mafuta bora yatakayonunuliwa mwakani, chagua vazelini leo.

Hata mafuta yaliyo bora hulegea yakichomwa na jua. Vazelini na lanolini zote mbili huyeyuka katika joto ambalo chombo cheusi cha ngozi kilichoachwa juani, au motokari iliyofungwa madirisha, hulifikia bila shida. Hapo mafuta hutiririka ndani na kufika katika pistoni. Weka chombo kivulini.

Kila kulisi na mafuta yake

Kulisi hazina kazi moja, kwa hiyo hazitaki uzito mmoja wa mafuta.

Kulisi kubwa ya kupatanisha yataka mafuta mazito. Kulisi ya pistoni ya pili, ile fupi, nayo hivyo hivyo, kwa maana haisogezwi wakati wa kupiga.

Kulisi ya pistoni ya kwanza na ya tatu katika tarumbeta ni jambo lingine. Pistoni mbili au tatu zikibonyezwa pamoja, urefu wa mirija yake hautoshi kamili, na noti hupanda kupita kiasi, hasa re ya chini na do diezi ya chini. Mpigaji mzuri huisahihisha palepale: husukuma nje kulisi ya tatu kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, au ya kwanza kwa kidole gumba, kisha huirudisha. Kulisi hizi zatakiwa kukimbia, si kukaa. Zipake mafuta mepesi zaidi: lanolini iliyolegezwa kwa mafuta ya pistoni, au mafuta ya kulisi nyepesi yauzwayo madukani. Ikiwa chombo chako hakina pete ya kuingizia kidole, basi kulisi hizo hazikuwekwa kwa kukimbia, zipake mazito.

Tromboni ina kulisi ndefu ya mkono, ambayo ndiyo roho yake. Hiyo usiipake hata kidogo mafuta mazito tunayoyataja hapa. Ina krimu yake maalumu, au mafuta mepesi mno, pamoja na maji ya kunyunyizia. Lakini kulisi ya kupatanisha iliyo nyuma, karibu na shingo ya mwisho wa mrija, yataka mafuta mazito kama ya wengine.

Namna ya kupaka

Kwanza bonyeza pistoni, ndipo uvute kulisi yake. Ukivuta bila kubonyeza, hewa iliyofungwa ndani itaivuta kinyume, nawe utajidhani umekwama. Toa kulisi, futa mafuta yote ya zamani kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, nje ya mrija wa ndani na ndani ya mrija wa nje. Ukiona uchafu wa kijani, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, suuza vizuri, kausha kabisa. Maji ya moto sana yaharibu rangi ya ulinzi iliyo juu ya shaba. Usisugue kwa mchanga, wala majivu, wala dawa ya meno: vyote hula shaba, na nafasi iliyopanuka hairudi tena.

Chukua mafuta kadiri ya punje ya mchele, yapake mguu mmoja wa U kwa kidole, pande zote, mpaka yawe kama kivuli tu juu ya shaba. Ingiza mguu huo peke yake katika mrija wake, uuzungushe taratibu, uusogeze mbele na nyuma. Utoe, fanya hivyo kwa mguu wa pili. Kisha ingiza yote miwili pamoja, sogeza mara tano au sita, na ufute mafuta yaliyokusanyika nje. Wengi hukosea kwa kupaka mengi, wakidhani mengi yatakaa siku nyingi. Mafuta yaliyozidi hayakai. Huingia ndani ya chombo, hukutana na mafuta ya pistoni, na pistoni huanza kuchelewa.

Sasa jaribu. Kulisi kubwa yapasa kusogea kwa nguvu za mkono wa mtoto, bila kishindo. Kisha elekeza chombo chini na ukitikise polepole: kulisi isiteremke. Ikiteremka, mafuta ni mepesi. Ikigoma, ni mazito, au pana uchafu, au mrija umepinda.

Kazi hii ifanywe mara moja kwa mwezi, na kila juma kulisi zote zisogezwe hata kama hakuna haja. Kabla ya likizo ndefu, futa yote, paka upya, ndipo uweke chombo ghalani. Kulisi nyingi hufa wakati wa likizo.

Ikikwama, je?

Usitumie koleo. Usigonge kwa nyundo. Wala usifanye kama nilivyofanya mimi. Viungo vishikavyo mirija vimelehemiwa tu, havikufanywa kwa kushindana na mikono ya watu wazima wawili. Tia matone ya mafuta mepesi ya pistoni mahali mirija inapokutana, uache usiku kucha, urudie kesho na kesho kutwa. Funga kitambaa kilichochovywa maji ya moto kuzunguka mrija wa nje, utanuke kidogo. Pitisha kitambaa imara ndani ya kona ya U, uvute sawasawa, mstari mmoja, bila kupinda. Isipotoka, acha, mpelekee fundi. Ujira wa kutoa kulisi iliyokwama ni mdogo kuliko ujira wa kutengeneza iliyovunjika. Wazee husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwisho wa habari yangu

Nimesema kwamba yule mvulana alitembea nyuma ya fanfari siku ile. Juma lililofuata hakuja mazoezini. Siku ya tatu akaja baba yake, mtu mnyamavu, akavua kofia mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto ametueleza kwamba chombo cha parokia kimevunjika mikononi mwake. Sisi si watu wa kukimbia deni. Tunaomba utuambie fundi adai kiasi gani." Akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na fedha.

Na mimi, wasomaji wapenzi, nilizipokea. Nilijiambia kwamba kweli mvulana alikuwa amekishika chombo. Kwamba angeisogeza kulisi kila juma, isingekwama. Moyo wa mtu una mawakili wengi.

Siku iliyofuata tulipeleka baritoni kwa fundi, baba yule na mimi. Alikuwa mzee aliyelehemu shaba maisha yake yote. Akaipasha moto kulisi, akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya mrija kulikuwa na uji mzito wa kijani, nao ulinuka jiko. Mzee akatutazama wote wawili, akauliza, "Nani alitia mawese humu?"

Baba yule hakusema neno. Hakujua jibu. Nilikuwa peke yangu nijuaye, na ningeweza kunyamaza.

Nikasema, "Mzee, ni mimi." Kisha nikamgeukia baba wa mtoto, nikamrudishia fedha zake, nikamwomba radhi kwa lile la mawese, na kwa lile la kulisi, na kwa kuwa nilizipokea fedha. Akazihesabu polepole, akazifunga tena katika kitambaa. Akasema, "Mtoto aliniambia chombo hakisogei. Nilimwambia mwalimu hawezi kukosea."

Neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Jumamosi ile nikawakusanya wapigaji wote, nikamweka mvulana mbele, nikayarudia mbele ya masikio yaleyale yaliyonisikia nikimkaripia. Ujira wa fundi nikaulipa mimi, nao ulinipa miezi miwili ya kula bila nyama. Kulisi zote kumi na mbili, na zile ndogo za pistoni, tukazifungua siku hiyo, tukaziosha, tukazipaka vazelini kutoka duka la dawa. Nyingine tatu tulizikuta zimeanza kuwa kijani.

Basi, mwanangu uliyeniandikia, jibu lako ni hili. Mkubwa wenu akitaka mafuta mazuri, mtafute yale ya kulisi. Yakikosekana, lanolini safi. Ikikosekana, vazelini tupu. Mpake machache, mara kwa mara. Na mwenzako akisema kwamba chombo chake hakisogei, mwangalieni chombo kwanza kabla ya kumwangalia yeye.

Mwenye swali lingine juu ya vyombo aandike. Juma lijalo tutaangalia kipulizio cha mdomo: jinsi ya kukiosha, na kwa nini wapigaji wawili wasikitumie kimoja.